Tahadhari kwa wapiga gitaa wa Lubumbashi: «pikapu ya MIDI» ambayo ndani haina kitu

Ndugu wapiga gitaa, viongozi wa kwaya na wenye bendi wa Lubumbashi,

Kuna mtu anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp ya wanamuziki wa makanisa kwamba anafunga pikapu ya MIDI, yaani kisikilizi cha nyuzi cha kuongoza vyombo vya elektroniki, kwenye gitaa lolote la umeme, ili mpigaji aweze kutoa sauti ya ogani, tarumbeta au fidla kwa nyuzi zake mwenyewe. Bei yake ni dola 350, na nusu hulipwa kabla ya kazi. Mimi ni fundi wa ampli na magitaa hapa Kamalondo, na kwa muda sasa wateja wake wamekuwa wakiniletea magitaa yaliyopita mikononi mwake. Katika yote niliyoyafungua, hakuna hata moja lililokuwa na kifaa alichokiuza. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya waliotapeliwa wamekwisha kufikisha malalamiko kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), na sitaki maandishi yangu yampe nafasi ya kujifanya ndiye aliyechafuliwa. Hata hivyo, namna yake ya kufanya kazi haibadiliki kutoka mteja mmoja hadi mwingine, na anayeijua atamtambua hata kama amebadili namba ya simu.

Nieleze kwanza nilichokikuta. Karibu na daraja, chini ya nyuzi, hubandika kipande cha plastiki nyeusi chenye nukta sita za chuma zinazong'aa, kila nukta chini ya uzi wake, na ukikitazama kwa mbali utaapa kwamba ni pikapu ya kampuni ya Roland. Nilipokibandua, nukta zile zilikuwa vichwa vya skrubu vilivyokatwa na kugandishwa kwa gundi. Chini yake kulikuwa na kisahani kimoja chembamba cha shaba, cha aina ile inayotoa mlio katika saa za mezani na vidude vya kengele, na kutoka hapo waya mbili zilipita kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee hadi kwenye soketi ya pini tano iliyofungwa ubavuni mwa gitaa. Pini mbili tu ndizo zilizoguswa na risasi ya kuchomelea. Hapakuwa na bodi ya elektroniki, wala betri, wala mahali pa kuiweka betri. Katika gitaa la kijana mmoja wa kwaya ya Katuba, tapeli huyo alikuwa ameukata hata waya wa athi unaokwenda kwenye daraja ili apate nafasi ya kupitisha waya zake, na ndiyo sababu gitaa hilo lilikuwa likivuma mfululizo, mpigaji awe ameshika nyuzi au hakuzishika. Kijana aliambiwa kwamba mvumo ule ni «MIDI inatafuta mawimbi».

Kifaa kama hicho hakiwezi kufanya kazi hata siku moja, na inafaa kila mtu aelewe kwa nini, kwa sababu anayeelewa jambo hili hadanganywi tena na maneno. MIDI, ambayo imekuwa lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya elektroniki tangu 1983, haibebi sauti. Inabeba taarifa: noti ipi imepigwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiliwa lini. Kinanda huzitoa taarifa hizo kwa urahisi kwa kuwa kila kitufe ni swichi. Uzi wa gitaa si swichi. Lazima mtikisiko wake upimwe kwanza ndipo noti yake ijulikane, na ili upimwe bila kuchanganywa na wa jirani yake, kila uzi unahitaji kisikilizi chake peke yake. Pikapu ya Roland GK-3, kwa mfano, ina koili sita, na yenyewe haitoi MIDI kabisa. Hupeleka sauti ya kila uzi mbalimbali kupitia kebo ya pini 13: pini ya 1 hadi ya 6 ni za nyuzi sita, ya 7 ni ya pikapu ya kawaida ya gitaa, na ya 12 na ya 13 hurudisha umeme wa volti 7 chanya na 7 hasi kutoka kwenye mashine iliyo upande wa pili. Mashine hiyo, iwe GR-55 au GI-20, ndiyo inayopiga hesabu na kutoa MIDI. Pikapu ya Fishman TriplePlay hupigia hesabu kwenye gitaa lenyewe, na ndiyo maana ina betri ya kuchajiwa na hutuma taarifa bila waya kwa kipokezi cha USB. Mfumo wa Ghost wa Graph Tech hautumii sumaku bali fuwele zilizofichwa ndani ya vikalio vya nyuzi kwenye daraja, lakini nao ni fuwele sita, na bado unahitaji bodi tumboni mwa gitaa. Pikapu hizi ni za aina mbalimbali, lakini zote zina visikilizi sita, ubongo wa kupiga hesabu na umeme wa kuulisha ubongo huo. Kisahani kimoja na waya mbili havina hata kimoja kati ya hivyo.

Bwana huyu hupenda kuonyesha picha ya gitaa la Casio la miaka ya 1980 lenye soketi ya MIDI ubavuni, kama ushahidi kwamba soketi ya pini tano inatosha. Magitaa hayo yalikuwepo kweli. Asichokisema ni kwamba yalitoka kiwandani yakiwa na saketi nzima ndani.

Swali ninaloulizwa na kila mtu ni hili: mbona sisi wenyewe tulimsikia akipiga ogani kwa gitaa? Mliisikia, sikatai. Lakini sauti ya ogani si ushahidi wa MIDI. Ipo pedali ya Electro-Harmonix inayoitwa B9 ambayo huchukua sauti ya pikapu ya kawaida na kuifanya ifanane na ogani papo hapo, bila MIDI yoyote kati yake. Na ipo programu ya kompyuta iitwayo MIDI Guitar, ya Jam Origin, inayosikiliza gitaa lisilobadilishwa hata kidogo na kukisia noti zake. Vyote viwili ni vifaa vya halali, na kusema kweli mpiga gitaa wa kanisa anayetaka ogani ya kuimbisha Jumapili angeridhika na pedali hiyo bila kulitoboa gitaa lake. Udanganyifu ni kumwonyesha mtu kimoja na kumuuzia kingine. Wote walioshuhudia maonyesho yake wamenithibitishia kwamba gitaa lilikuwa na kebo mbili: ile ya MIDI, ameiweka juu ya meza ionekane vizuri, na ile ya kawaida ya jeki inayobeba sauti, ambayo iliingia chini ya kitambaa cha meza. Mwambieni aichomoe ya jeki na abakize ya MIDI peke yake. Mzee mmoja, kiongozi wa kwaya huko Kampemba, alimwomba afanye hivyo mbele ya watu. Akajibu kwamba shirika la umeme SNEL limeshusha umeme na mashine haina nguvu ya kutosha, ingawa taa za ukumbi zilikuwa zikiwaka.

Baada ya malipo ya kwanza huja malipo mengine ambayo hayakutajwa mwanzoni. Utaambiwa kwamba pikapu imekwama mpakani Kasumbalesa na forodha wanataka dola 60. Halafu utaambiwa kwamba programu ya kifaa imefungwa na inafunguliwa kwa dola 40, jambo lisilo na maana, kwa kuwa pikapu ya GK haina cha kufunguliwa: unachomeka kebo, unaingiza vipimo kwenye mashine, unapiga. Kisha utauziwa «nyuzi za MIDI». Pikapu ya sumaku inahitaji nyuzi za chuma, kama zile zilizomo tayari kwenye gitaa lako la umeme. Zisizofaa ni za nailoni, na hakuna anayefunga nailoni kwenye gitaa la namna hiyo. Pesa zote hutumwa kwa simu, kwa namba ambayo jina linalotokea wakati wa kuthibitisha si lake, na ukimwomba risiti atakuuliza kwa upole kama watu wa Mungu hawaaminiani tena.

Unapolalamika kwamba gitaa halitoi kitu, anacho kisingizio kimoja ambacho ndani yake mna chembe ya ukweli, na hicho ndicho kinachowanasa hata watu wenye akili zao. Husema kwamba MIDI ya gitaa huchelewa, kwa hiyo inabidi uizoee. Ni kweli huchelewa. Uzi wa sita ukiwa wazi hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, maana yake mtikisiko mmoja tu huchukua takriban milisekunde 12, na mashine haiwezi kuitambua noti kabla haijasikia mtikisiko mzima au zaidi. Uzi wa kwanza, wenye mitikisiko kama 330 kwa sekunde, hutambuliwa mapema zaidi. Ndiyo sababu mpigaji wa sebene anayecheza juu ya shingo, kwenye nyuzi nyembamba, hausikii ucheleweshaji huo kama anavyousikia anayetaka kupiga besi kwa sauti ya kinanda. Basi kifaa halisi huchelewa kidogo, na pengine hukosea noti ukipiga kizembe au ukigusa uzi wa jirani. Lakini noti hufika. Kama umepiga nyuzi zote sita na hakuna noti hata moja iliyofika kwenye kinanda au kompyuta, hapo hakuna cha kuzoea.

Kumjaribu yeyote anayekuuzia mfumo wa namna hii, awe mtu huyu au mwingine, hakuhitaji ufundi mkubwa. Hakikisheni kompyuta ina programu inayoonyesha taarifa za MIDI zinazoingia, na kama mnatumia simu ya Android ya toleo la 6 au zaidi, nayo inaweza kuzipokea kupitia USB. Kebo ya jeki iwe imechomolewa. Pigeni nyuzi wazi, moja baada ya nyingine, kuanzia ule mnene: gitaa lililowekwa sawa kwa mtindo wa kawaida linapaswa kuonyesha namba za noti 40, 45, 50, 55, 59 na 64. Halafu tazameni chaneli, yaani njia ambazo taarifa za MIDI hupitia. Mfumo halisi unaweza kupangwa ili kila uzi uwe na chaneli yake, na ukiupiga uzi wa tatu peke yake, chaneli ya uzi wa tatu peke yake ndiyo itakayopokea taarifa. Kwenye mashine za Roland, ukurasa wa vipimo vya GK una mistari inayopanda kwa kila uzi. Uzi mmoja ukipigwa na mistari yote ikapanda sawasawa, au usipopanda hata mmoja, msitoe pesa.

Tazameni pia kama anataka kutoboa. GK-3 hubandikwa kwa utepe wenye gundi pande mbili au kushikwa kwa vibano vinavyokuja nayo, karibu kabisa na daraja, na kisanduku chake hushikiliwa na kitufe cha mkanda. Gitaa halipotezi hata unyoya wa mbao. Kinachozingatiwa ni nafasi kati ya uzi na pikapu, takriban milimita 1 uzi ukiwa umebonyezwa kwenye freti ya mwisho. Wapo mafundi wanaofunga vifaa vya ndani kwa kuchimba mbao, na kazi hiyo ni ya halali, lakini fundi wa kweli atakuonyesha kifaa chenyewe na bodi yake kabla ya kushika keekee. Jambo jingine kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika: tangu 2023 kuna GK-5, ambayo ni ya kidijitali na kebo yake si ya pini 13, kwa hiyo haiingii kwenye GR-55 bila kigeuzi. Muuzaji anayewauzia viwili hivyo pamoja bila kutaja kigeuzi, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Wenye magitaa ambayo bado yako kwake wayafuate mapema, wakiwa na shahidi, na wasikubali ahadi ya «kurekebisha kidogo», kwa sababu wawili kati ya waliokubali walirudishiwa magitaa yenye matundu yaliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao, na kile kipande cha plastiki kikiwa kimetoweka. Walio nayo nyumbani wasibandue chochote kabla ya kupiga picha: kipande kikiwa mahali pake, soketi kwa nje, kisha kifuniko cha nyuma kikiwa wazi ili waya zionekane zinaanzia wapi na kuishia wapi. Hifadhini ujumbe wa malipo ya simu pamoja na jina lililotokea, na mazungumzo yote ya WhatsApp, zikiwemo sauti alizotuma. Kwa OPJ, mlalamikie utapeli chini ya kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu, na kama amekataa kulirudisha gitaa mlilomkabidhi, mtaje pia kifungu cha 95. Anayehitaji maelezo ya kiufundi kwa maandishi, juu ya kilichomo ndani ya gitaa lake, alilete nitamwandikia bila malipo. Na waya wa athi uliokatwa nitauunganisha hapohapo, lakini baada ya picha.