Joto liko majini au mkononi? Locke na Berkeley

Panga mabeseni matatu: maji ya moto ya kuvumilika (nyuzi 40 hivi), maji ya baridi (nyuzi 15), na katikati vuguvugu. Tia mkono mmoja kwenye moto, mwingine kwenye baridi, kaa dakika mbili, kisha itumbukize yote miwili katikati. Mmoja utasema maji ni baridi, mwingine ya moto. Ukiitoa mapema jaribio linafeli, maana ngozi haijazoea.

Kwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, hapa hakuna utata. Joto unalolihisi ni hisia iliyo akilini mwako. Kilichomo majini ni mwendo wa chembe ndogo, zenye umbo na idadi yake hata pasipo mtu chumbani. Themometa inamuunga mkono: inaonyesha namba moja tu.

George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland, mwaka 1713 aliugeuza mfano huohuo. Ikiwa joto limo akilini kwa kuwa hubadilika kwa anayelihisi, mbona na umbo na ukubwa hubadilika kwa umbali? Basi navyo vimo akilini, na vitu ni vile tu vinavyotambuliwa. Na themometa nayo husomwa kwa jicho.

Wengi humchanganya Berkeley na wanaodai kila mtu ana ukweli wake. Sivyo: kwake vitu hudumu kwa sababu Mungu anavitambua daima. Ukimwondoa Mungu, hana jibu kwa nini watu kumi wanasoma namba ileile. Locke naye anakwama kwingine: kama tunachokijua ni picha za akilini tu, atazilinganishaje na kitu chenyewe?