Fundi kompyuta wa Majengo: kupima anajua, ila akikwambia njoo jioni usiende

Kwa mliopo Dodoma na kompyuta zenu zinagandaganda zikiwashwa, kuna kijana ana kijiduka Majengo, nyuma ya soko, duka lenyewe hata jina halina, pana karatasi tu imebandikwa mlangoni KOMPYUTA NA SIMU na jua limeshaila nusu ya herufi. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki kajinyima mwenyewe, ntaeleza.

Mashine yangu ni deskitopu ya mtumba, prosesa ya Intel i5 kizazi cha nne, ramu GB 8, diski ile ya zamani ya kuzunguka GB 500. Ya nyumbani tu, watoto wanafanyia kazi za shule na mama yao anawekea mahesabu ya kikoba, kwahiyo ikigoma nyumba nzima inajua. Ilianza hivi, unawasha, logo ya Windows inakuja, vile vidoti vinazunguka, vinazunguka, halafu vinasimama hapo hapo. Feni inaunguruma kama kawa, taa ya diski imewaka moja kwa moja bila kupepesa, ukibonyeza Caps Lock hata katika kibodi hakuna kinachowaka. Unaizima kwa kukandamiza batani, unawasha tena, na hapo ndo inakuchanganya maana siku nyingine inapita vizuri na inapiga kazi mpaka usiku kama haina ugonjwa. Sasa uipeleke kwa fundi siku imeamka vizuri, unaonekana muongo.

Nilianzia duka moja kubwa mjini, silitaji, lina vioo na kiyoyozi na dada wa mapokezi. Kava hawakufungua. Jamaa kaangalia stika ya mashine akasema Windows 10 imeshafungwa na wenyewe ndo maana inaganda, na hii haibebi Windows 11, chukua nyingine tunazo hapa laki sita na nusu. Sasa ukweli ni kwamba Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, hilo sawa, na 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama cha kwenye bodi, na hilo ni sawa pia. Ila mwisho wa huduma maana yake masasisho ya usalama hayaji tena kama zamani, sio kwamba siku hiyo ikifika mashine inagandishwa! Nikabeba CPU yangu, yaani boksi lenyewe, nikaondoka.

Yule wa Majengo bisibisi hakuigusa kwanza, alianza na maswali. "Mzee, inagandia wapi, kabla ya logo, kwenye logo, au ukishaweka paswedi?" Nikamuuliza kwani kuna tofauti, akasema ipo kubwa. Ikiganda kabla ya logo hapo Windows yenyewe haijaanza kupanda, kwahiyo unaangalia ramu, pawasaplai, mazabodi au kitu ulichochomeka. Ikiganda kwenye logo inaweza kuwa mafaili ya Windows yameharibika, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), au diski haisomeki. Ukishaweka paswedi ndo ikaganda, mara nyingi ni vile viprogramu vinavyojiwasha vyenyewe, au virusi. Mara nyingi sio lazima, alisisitiza hivyo, na mi fundi anayesema mara nyingi namwamini kuliko anayesema mia kwa mia.

Akachomoa kila kitu cha USB, printa, modemu, flashi iliyosahaulika nyuma, akabakiza kibodi, mausi na monita. Ikaganda vile vile. Akaingia bayosi, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijapanda, akaiacha imekaa humo tu, akaenda kuhudumia mtu wa simu. Nikadhani kanisahau kumbe ndo kipimo chenyewe, kwenye bayosi Windows haipo kabisa wala diski haifanyi kazi ya maana, kwahiyo ikiganda na humo ujue ni ramu, umeme, joto au bodi. Haikuganda. Ila tarehe ilikuwa inasoma 2014, akacheka, akachomoa kile kibetri cha bodi, CR2032, cha volti 3, mita ikasoma mbili na kidogo. Akaweka kipya cha elfu mbili, na akaniambia kabisa mzee hii sio dawa ya tatizo lako, hii ni saa tu. Wangapi wangekuchaji hapo elfu ishirini wakakwambia imepona.

Kufungua kava, jamani, hili vumbi la Dodoma. Kiangazi chote hiki upepo unapiga na nyumba zetu za Nkuhungu barabara ya lami iko mbali, ndani ya mashine palikuwa na blanketi la vumbi jekundu juu ya feni ya prosesa. Katoka nalo nje kapuliza na bloa mpaka jirani wa mitumba akalalamika. Halafu akachomoa ramu zote mbili, akachukua raba ya penseli, ile ya shuleni kabisa, akawa anasugua yale meno ya dhahabu taratibu upande mmoja halafu mwingine, anafuta na brashi, anarudisha moja anawasha, anatoa anaweka nyingine anawasha. Tatizo likabaki pale pale na kila ramu.

Sasa kilichonifurahisha ni hatua ya mwisho. Alichomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, akawasha mashine kutokea kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Ikapanda, ikakaa, akafungua video, wala haikutetereka. Kwahiyo bodi, ramu na pawasaplai vinajitahidi, mwenye kesi ni diski au kilichomo kwenye diski. Akafungua ripoti ya SMART, hiyo ni kumbukumbu ambayo diski inajiandikia yenyewe, akageuza skrini nione. Sekta zilizohamishwa zipo nyingi, na zinazosubiri kuhamishwa zipo. Maana yake kuna sehemu za diski zimeoza, Windows ikipanda ikafika hapo inasoma inarudia inasoma inarudia, ndo ile taa inayowaka bila kupepesa. Na siku inayopita vizuri ni siku ambayo sekta hizo zimekubali kusomeka kwa shida.

Nikamwambia si kuna ile chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, naisikia kila mahali. Akasema ipo, na kwenye diski yenye afya ingesaidia, ila diski inayokufa ukiipiga chkdsk /r inalazimika kusoma kila kona na unaweza kuimalizia kabla hujatoa picha za familia. Kwanza data, matengenezo baadaye. Hilo naomba mlichukue hata kama hamji kwake.

Akanakili data, akafunga SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 240 kwa elfu themanini, ufundi pamoja na kuhamisha data elfu thelathini, Windows akaiweka upya badala ya kukopi ile ya zamani maana mafaili yake mengine yalishaharibika. Diski mbovu kanirudishia mkononi bila kuombwa, na waranti ya SSD kaandika kwenye risiti na tarehe. Mashine sasa hivi inafika kwenye paswedi kabla sijavuta kiti.

Haya, lawama. Aliniambia njoo jioni, nikaenda jioni, hajaanza hata kunakili. Kesho yake hivyo hivyo, simu inaita haipokelewi, kumbe kaiweka kwenye chaji chini ya meza na mziki uko juu. Kusema ukweli kunakili kutoka diski iliyooza kunachukua muda na hakuna fundi anayeweza kujua utaisha saa ngapi, ila meseji moja tu ya "mzee bado, subiri" inamshinda nini? Foleni nayo hamna, wazee wanaingia na simu za batani, wanamsalimia kwa Kigogo mbukwenyi, anaacha kila kitu anawahudumia. Kwa wazee sina kinyongo, ila wale vijana wa kubadilisha kioo nao walinipita.

La pili ni kubwa zaidi. Aliniwekea programu za ofisi za kuvunja kufuli bila kuniuliza, na ili zikubali alikuwa amezima kinga ya virusi ya Windows. Kwake ilikuwa ni ofa! Nimeigundua nikiwa bado dukani kwa sababu ngao ya pale chini ilikuwa na alama nyekundu, nikamwambia toa, niwekee LibreOffice ya bure, akatoa huku ananishangaa. Kwahiyo kabla hujalipa fungua uangalie kinga imewashwa, na useme mapema hutaki vitu vya magendo.

Alinishauri pia ninunue UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme kwa muda, maana umeme ukikatika ghafla diski ikiwa inaandika ndo mafaili yanakatikia njiani, hasa hizi za kuzunguka. Ushauri mzuri, na UPS anauza yeye mwenyewe hapo hapo, sijanunua bado.

Ukienda beba CPU peke yake, monita na nyaya anazo. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, mchana wanafunzi wa chuo wanajaa na laptopu zao na hutapata hata pa kusimama, na namba uombe mbili, ile ya pili ndo anapokea.