Nilimwita fundi umeme kabla ya fundi vigae: uzoefu wangu wa kukarabati jiko, Cheyo, Tabora

Nyumba yetu iko Cheyo, hapa Tabora mjini. Marehemu baba aliijenga mwaka 1984, na jikoni akaweka soketi moja tu, ya kuchomekea pasi, maana mapishi yote yalikuwa ya mkaa na yalifanyika uani. Siku hizi mimi ndiye ninayepika humo, na naoka keki za asali kwa oda. Mwaka jana nikaamua jiko lijengwe upya: kabati, sinki, vigae hadi juu, na jiko la umeme la plati nne lenye oveni chini. Hela ya vigae ilikuwa tayari. Umeme sikuuwaza kabisa. Taa zinawaka, LUKU ina yuniti, basi.

Aliyenizuia ni jirani yangu. "Mama Zawadi, usibandike hata kigae kimoja kabla umeme haujapimwa," aliniambia. Kwake walibandua vigae vya wiki mbili ili kupitisha paipu za waya. Akanipa namba ya fundi wake, kijana mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Kupima peke yake shilingi 50,000. Kazi ingepangiwa bei baadaye.

Nilidhani ataanza na ukuta. Alianza na karatasi. "Mama, nitajie kila kitu ulichonacho na kila kitu unachotaka kununua." Nyuma ya kila kifaa kuna kibandiko chenye wati zake, unazigawa kwa 230, ambazo ndizo volti zetu, unapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Hita ya bafuni wati 5,500: ampea 24. Birika 2,000: karibu 9. Maikrowevu 1,200: zaidi kidogo ya 5. Jiko la presha la umeme 1,000: ampea 4 na ushee. Pampu ya maji 750: ampea 3. Halafu lile jiko la plati nne nililokuwa nimeliwekea oda dukani, wati 7,500: peke yake ampea 33. Jumla ikafika 78.

Akanipeleka kwenye mita ya LUKU. Kumbe imeandikwa 5(60)A, na ile 60 ndiyo mwisho wa uwezo wake. Nimeishi na mita hiyo miaka yote na sikuwahi kuisoma. Hakugusa lakiri, kwa sababu mita na waya unaotoka nguzoni ni vya TANESCO.

Nilitaka kukata tamaa palepale, lakini alinieleza jambo lililonituliza. Mafundi hawajumlishi vitu kana kwamba vyote vinawaka kwa nguvu zote kwa wakati mmoja. Plati ya jiko ikishapata moto hujizima na kujiwasha, kwa hiyo jiko kubwa hupigiwa ampea 10 za kwanza kamili, kisha asilimia 30 tu ya zinazobaki. Kwa hesabu hiyo ampea 33 zinashuka hadi kama 17. Sasa chukua asubuhi ya Jumamosi: keki iko ndani ya oveni, mtu anaoga maji ya moto, birika linachemka, pampu inapandisha maji tangini. Ampea 53 zimeshatimia, na hujagusa pasi.

Kilichonishawishi zaidi kilikuwa kipimo cha volti. Nyumba iko mbali na nguzo, waya umekatiza katikati ya miembe. Saa moja jioni alipima pale mein swichi bila mzigo, ikasoma 221. Tukawasha hita ya bafuni na birika, ikashuka hadi 211. Akasema kadiri unavyovuta ampea nyingi kwenye waya mrefu ndivyo volti zinavyopotelea njiani, na oveni yenye volti pungufu haifikishi joto lake. Hapo nikaelewa kwa nini kwa dada yangu keki hukataa kuiva katikati kila akioka jioni.

Kisha akafungua soketi ya birika. Nyuma yake ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kuwa jeusi. Waya ulikuwa wa unene wa milimita za mraba 1.5, wa taa, na mtu fulani zamani, kwa kuchoka na breka inayokata kila mara, aliweka breka ya ampea 32 badala yake. Breka kazi yake ni kukata kabla waya haujaungua. Ukiweka breka kubwa kuliko waya, kinachoungua ni waya, tena ndani ya ukuta. Watoto wangu wawili wanalala chumba kinachopakana na ukuta huo. Siku hiyohiyo soketi ile ilifungwa, na sijali ningelipa kiasi gani.

Nje nako, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatwa, nadhani na waliochimba mtaro wa maji. Kwa hiyo nyumba nzima haikuwa na ethi.

Alinipa njia mbili. Kwanza, kuomba TANESCO umeme wa njia tatu, yaani nyaya tatu zenye moto badala ya moja, na kusubiri makadirio yao. Pili, kupunguza mzigo. Nikachagua ya pili. Oda ya jiko la plati nne niliifuta, nikanunua oveni ya wati 2,500, yaani ampea 11, na plati za juu zikawa za gesi. Jumla ya vile vyote ikashuka hadi 56, hata kama vimewaka kwa pamoja. Tena kwa sisi wa kundi la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani, yuniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, zinazozidi hapo shilingi 350 kila moja, na oveni hii inaweza kula yuniti mbili na nusu kwa saa ikiwaka mfululizo. Bora plati ziwe za gesi.

Kazi yenyewe: oveni ilipata waya wake wa 4 na breka yake ya 20, soketi za jikoni waya wa 2.5 peke yake bila kuungana na sebule, bodi mpya ya breka, ethi mbili mpya ardhini, na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja miliampea 30. Vifaa na ufundi vilinigharimu shilingi 780,000.

Malalamiko ninayo. Aliahidi siku mbili, zikawa tano, kwa sababu kifaa cha kukata umeme unaovuja kilikosekana madukani hapa ikabidi kiagizwe. Matobo ya ukutani aliyaacha wazi, na fundi wa plasta nikamlipa mwenyewe 30,000. Haya ulizeni mapema. Lakini upimaji wenyewe nampa alama zote. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na nafurahi, maana moshi wa mkaa ulimsumbua sana mama yangu. Natamani kila anayenunua jiko la umeme kwa ajili ya nyumba ya zamani kama yetu apimiwe waya zake kwanza.

Soketi za sebuleni bado ni za mwaka 1984. Alizipima, akasema zibadilishwe mwaka huu, na nimetenga hela ya mwezi wa saba. Hadi hapo, sebuleni inachomekwa televisheni na chaji za simu tu. Birika halitoki jikoni.