Somo la fedha na stadi za maisha: tathmini ya mzazi

Binti yangu amemaliza muhula mmoja wa somo la fedha binafsi na stadi za maisha shuleni kwake, nami naliona lina thamani kubwa, hasa sura ya riba inayozaa riba, ambamo mwanafunzi hujikokotolea mwenyewe kwamba deni la 1,000 linalotozwa asilimia 10 kwa mwaka bila kulipwa hufika 1,100, kisha 1,210, na kupita maradufu kabla ya mwaka wa 8 kwisha. Asilimia alikwishazijua, deni ndilo hakulijua. Kasoro imo katika stadi zenyewe: kupika na kushona kifungo vilifundishwa ubaoni (jambo la kustaajabisha), pasipo sufuria wala sindano. Ataendelea nalo, sindano nitamnunulia mwenyewe.