Programu ya Biblia ya YouVersion kwa mwenye moyo uliopondeka

Programu hii ilitoka mwaka 2008, ni ya bure, haina matangazo, na ina Biblia ya Kiswahili. Kwa aliyefiwa, aliyepoteza kazi au anayeuguza, faida yake kubwa ni mipango ya kusoma. Chagua mmoja tu, wa siku chache. Ukianza mitatu kwa mkupuo utaiacha yote. Ukiruka siku, usijilazimishe kufidia. Mipangilio inaruhusu kusogeza tarehe mbele.

Udhaifu wake ni mstari wa siku, yaani mstari mmoja wa Biblia inaokuonyesha kila siku. Mstari ukisimama peke yake hupotosha kwa urahisi. Yeremia 29:11 hupendwa kwa ahadi yake ya tumaini, lakini umo katika barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli: mstari wa 10 unataja miaka 70 huko, na barua hiyohiyo inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji walikopelekwa. Tumaini lenye kazi ya kufanya leo, palepale penye maumivu! Kwa hiyo fungua sura nzima kila mara.

Anza na Zaburi 13: mistari 6 tu, kutoka "hata lini" hadi kuimba. Zaburi 88 huishia gizani, na kwa aliyechoka kuambiwa ajikaze, hiyo ndiyo ninayoipendekeza zaidi. Huzuni ikizidi, programu haitoshi. Mtafute mchungaji au mshauri nasaha.

Macho yakichoka, tumia tafsiri yenye sauti. Za kusoma zipakue mapema, maana si zote zinazofunguka bila intaneti.