Kununua rekodi ya taarab asilia: sikiliza ala ya kanuni kwanza

Ukiulizia rekodi za taarab ya zamani sokoni Darajani, Unguja, utaletewa flashi. Nyimbo mia tatu kwa bei ya chai, na muuzaji anakuapia: "Hii ndiyo yenyewe, maalim." Mimi flashi naiweka mwisho kabisa.

Kabla hujatoa pesa, vaa spika za masikioni uisikilize kanuni. Nyuzi zake ni kama 78, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huzidonoa kwa risha alizozifunga kwenye vidole vya shahada. Rekodi nzuri hukusikilizisha risha ikigusa, kisha uzi ukivuma na kufifia polepole mpaka kimya. Mbovu hukata ule mkia, ukabaki na mlio mkavu. Halafu fidla. Hata zikiwa nne kwenye lahani moja, kila upinde una mkono wake. Zikigandana kama uji, rudisha. Vijibati vya rika, yaani tari ndogo, navyo vilie vikali na safi, visichuruzike kama maji.

Nafasi ya kwanza naipa CD halisi ya vikundi vyenyewe, kama Ikhwan Safaa ya tangu 1905 au Culture Musical Club ya 1958. Faili la FLAC, lile linalobanwa bila kupoteza sauti, lililotolewa kwenye CD hiyo halipungukiwi chochote. Lakini itazame CD yenyewe: niliwahi kuuziwa moja yenye jalada zuri sana, kumbe ndani ni MP3, faili lililobanwa kwa kupunguza sauti, iliyochomwa upya, na kanuni yote imekauka.

Ya pili ni MP3 ya 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde. Kwa gari au simu inatosha.

Ya tatu naipa kaseti, na najua wengi watanibishia. Sikio huzoea kuvuma kwake. Kinachoiua ni utepe uliolegea. Ipime kwa akodiani. Mwimbaji anaweza kuipinda sauti kwa makusudi, lakini akodiani haiwezi kuyumba vile peke yake. Ikiyumba, utepe umekwisha.

Flashi sasa. Nyingi zina MP3 za 128, yaani karibu MB 1 kwa dakika, wakati CD hula kama MB 10. Wimbo wa dakika kumi wenye MB 10 umeshanyofolewa sana. Usidanganyike na ukubwa peke yake, maana MP3 ikigeuzwa WAV, faili lisilobanwa, hunenepa bila kurudishiwa kilichopotea. Sikio ndilo linaloamua.

Santuri siziingizi kwenye mpangilio huu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama tatu tu. Ukinunua nakala za sauti hizo, chagua ile iliyoachiwa mchakacho kidogo. Aliyeusafisha wote mara nyingi amezifuta na "s" na "sh" za mwimbaji, na maneno ya shairi huyapati tena.