Intaneti ya nyumbani ya miezi mitatu: uliza kwanza kama ruta imelokiwa

Nimekuja kukaa na khalati yangu Mji wa Kale, Mombasa, miezi mitatu tu mpaka mguu wake upone, na mie kazi yangu ni kuandika sauti za mikutano za watu, bila intaneti siku hiyo sina pesa. Mkataba wa mwaka siutaki. Nikaingia duka moja mjini nikachukua ruta ya laini, kile kiboksi cha wifi kinachotiwa laini ya simu, elfu sita na mia tano, jamaa akanambia dada hii ni kuchomeka na kutumia. Haya, nimechomeka. Nyumba za Mji wa Kale mnazijua, kuta za mawe ya matumbawe nene kama mkono, mtandao wa ile kampuni ukawa unaingia baa moja tena mpaka ruta ikae dirishani, ukiitoa hapo hakuna kitu. Na simu yangu ya mtandao mwingine, chumba hicho hicho, baa zimejaa. Basi nikachomoa laini ya simu nikaitia kwenye ruta, taa nyekundu, nimengoja, nimezima nikawasha, nyekundu tu. Imelokiwa. Yani nimenunua kwa pesa yangu kitu ambacho hakikubali laini yoyote ila ya kampuni moja, na mwenye duka aliponiuzia hakusema neno, niliporudi akasema kitu kikishafunguliwa hakirudishwi.

Ndo maana hapa siongelei spidi, kila mtu anaongelea spidi. Kwa mtu wa kukaa muda mfupi spidi inakuja baadaye. Cha kwanza ni loki, kwa sababu wewe unahama, na mtandao unaoshika Bamburi si lazima ushike Kisauni, kwa hiyo kifaa lazima kihame na wewe. Na kuna nyingine hazikulokiwa kwenye mtandao tu, zimefungwa mpaka na mahali ulipoandikishia, ukihama mtaa inakataa kuwaka intaneti. Hilo nalo uliza.

Namba moja kwangu ni ruta yako mwenyewe isiyo na loki, na hapa naisema wazi, napenda TP-Link. TL-MR6400 ndo niliyonunua baada ya ile hasara na sijutii, zinatoka kiwandani hazijafungwa, unatia laini ya mtandao wowote unaoshika hapo ulipo, bando likiisha na mwenzake ana ofa nzuri unabadilisha laini. Halafu ina tundu la kupokea waya wa faiba, kwa hiyo siku ukipata nyumba ya kudumu bado inafanya kazi. Shida yake haina betri, stima ikipotea na yenyewe imelala. Kama kwenu stima inacheza chukua M7200 ya hao hao, ile ndogo ya mkononi, betri yake ya 2000 mAh wanaihesabia saa nane na inabeba vifaa 10, kwa mtu na mgonjwa wake inatosha sana. Ukitaka kutumia laini ya kampuni inayoitwa Faiba, 4G yao iko kwenye bendi ya 28, yani masafa ya mawimbi wanayotumia, soma kwenye boksi kama bendi hiyo imeandikwa, isipokuwepo usinunue hata kama haijalokiwa.

Namba mbili ni faiba ya kulipia kabla, lakini tu kama jengo lishavutiwa waya. Muulize keateka kabla hujalipa kodi, na umuulize ni kampuni gani maana majengo mengi yana moja tu. Safaricom kifurushi chao nakijua ni cha siku 30, hulipi basi inakatika, hakuna wa kukufuata. Ile boksi ya ukutani ni ya kampuni na imefungwa kwao, lakini haikuumi kwa sababu hukuinunua wewe.

Starlink, ile intaneti ya setilaiti, naiweka ya tatu. Iko Kenya tangu Julai 2023 na inafaa kweli kwa mtu wa shamba, Kwale ndani huko au Kilifi, lakini kununua dishi kwa miezi mitatu ni pesa nyingi imelala. Ukinunua iliyotumika, mwenye nayo aitoe kwenye akaunti yake ukiwa umekaa naye hapo hapo, la sivyo nayo ni kama imelokiwa tu, hutaweza kuisajili.

Hotspot ya simu na wifi za mtaa za kulipia kwa saa ni za siku mbili tatu, basi.

Sasa hawa wauzaji. Kuna mtindo wa kusema "hii ni 5G" na ukisoma boksi imeandikwa 5 GHz, hiyo ni wifi ya ndani ya nyumba, haihusiani na 5G ya mtandao hata kidogo, na wanajua, na bei wameipandisha kwa neno hilo. Inaniuma zaidi kwa sababu tuko Mombasa, nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zinatua hapa hapa kwetu tangu 2009, halafu mama wa Mji wa Kale auziwe kiboksi kisichofanya kazi.

Kwa hiyo ukienda dukani nenda na simu yenye laini ya mtandao tofauti na ule ulioandikwa kwenye ruta, na kile kiplastiki cha kukuzia laini maana nyingine zinataka laini ya saizi kubwa kidogo. Mwambie aiwashe hapo hapo, tia laini yako, ngoja dakika mbili tatu, unga simu yako kwenye wifi ya ruta, fungua kurasa yoyote. Ikifunguka, mwambie aandike kwenye risiti "haijalokiwa" pamoja na namba ya IMEI, ile ya kutambulisha kifaa, iliyo chini ya ruta. Akisita kuandika, toka.